Mama Halafu, Aliyeuliza Mara ya Pili

Ndugu, jamaa na majirani, anayewasomea maneno haya ni mdogo wa marehemu, yule wa duka la saa. Wazee wa familia waliniagiza mambo matatu: niandike kwa ufupi, niseme mazuri, nisimlaumu mtu. Ufupi nimejitahidi. Mazuri yapo tele. Hilo la tatu limenishinda, na naomba radhi mapema kabla sijafika huko.

Marehemu dada yetu alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Mei 1974, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi saa. Alikuwa kifungua mimba, nami nikamfuata baada ya miaka minne, tukawa wawili tu. Saa kamili aliyozaliwa haijulikani mpaka leo. Ukutani kulikuwa na saa kibao, lakini zote zilikuwa mbovu za wateja, kila moja ikisema lake. Baba aliipenda sana hadithi hiyo, akaisimulia mpaka tukamwomba apumzike.

Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi alizoea kukaa juu ya kasha karibu na kaunta, akiwatazama wateja. Siku moja aliingia mzee mmoja mwenye kofia ya pama, akamwinamia kwa upole. "Hujambo, binti?" Dada akajibu, "Sijambo, lakini jino linaniuma, na jana nimekojoa kitandani, na mama amenichapa." Mzee yule alicheka mpaka akaegemea kioo cha kaunta. Mama akatoka chumba cha nyuma, uso umemwiva kwa aibu, akamvuta mkono. "Mtu akikuuliza hujambo, unamjibu sijambo, basi. Hakuja hapa kuchukua habari za jino lako." Dada akauliza, "Sasa kwa nini ameuliza?" Mama akamwambia, "Ni adabu." Mama amekaa pale mbele. Nilimwomba ruhusa ya kulisema hili, akakubali kwa kichwa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1981 katika shule ya mtaa wa pili, ile yenye uzio wa mabati. Sekondari alisoma shule ya bweni ya wasichana, ambako walimu walimwita Bi Kwanini, na hawakuwa wakimsifu. Baadaye alichukua shahada ya elimu ya jamii. Ndani ya miaka hiyo ya chuo ndipo baba alipougua, na sina budi kueleza ugonjwa wa baba, maana maisha yote ya dada yalitoka humo.

Baba alikuwa na sukari na presha. Kliniki hakukosa hata mwezi mmoja. Alikuwa akipiga pasi shati na kuchana nywele utadhani anakwenda ukweni. Daktari alimuuliza, "Mzee, hujambo?" Naye akajibu, "Sijambo, daktari, namshukuru Mungu." Akaandikiwa dawa zile zile, wakaagana vizuri. Na muda wote huo jicho lake la kulia lilikuwa linafunga. Wateja walijua kabla ya kliniki, kwa kuwa saa zilirudi zikiwa na skrubu ambazo si zake na mishale iliyopinda. Baba alisema miwani ndiyo mbaya. Dada alikuja likizo akamkuta anapapasa kitambaa cha kazi kwa ncha za vidole, anatafuta skrubu iliyokuwa mbele yake kabisa. "Baba, daktari huwa unamwambiaje?" Baba akasema, "Namwambia sijambo. Mtu mwenyewe kachoka, watu wamejaa mlangoni, nianze kumlilia na mimi?" Mwaka 1998 baba alipatwa na kiharusi akaanguka na kufa nyuma ya kaunta, lenzi ya kazi ikiwa bado jichoni.

Mwaka 2000 dada aliajiriwa katika ofisi moja ya utafiti, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Kulikuwa na meza mbili na feni iliyopiga kelele kuliko upepo wake. Kazi yao ilikuwa kuwatafuta watu wenye maradhi yasiyopona, ya sukari, presha, pumu na figo, na kuwauliza wanavyohudumiwa wanapokwenda kutibiwa. Wenzake walikwenda na maswali yaliyochapwa. Yeye pia alikuwa nayo, ila alianzia kwingine. Alikaa kwenye benchi la kliniki pamoja na wagonjwa, lile benchi refu ambalo watu husogea makalio kidogo kidogo kuelekea mlangoni, akamsalimu aliye jirani. "Habari za afya?" Jibu lilikuwa lile lile kila siku. "Nzuri tu." Hapo wenzake wangeandika. Dada hakuandika. Alinyamaza kidogo, akamtazama mtu, akasema, "Halafu?"

Basi hapo ndipo maneno yalipotoka. "Halafu dawa nakunywa siku moja naruka siku moja, ili zifike mwisho wa mwezi." "Halafu yule sista aliniambia mbele ya watu kuwa nimenenepa kama gunia, nikaona bora nisije miezi miwili." "Halafu mwanangu, mume wangu hajui kama naumwa." Mwanamume mmoja mkubwa, dereva wa malori, alilia pale benchini hadi watu wakampisha. Aliporudi nyumbani siku hiyo dada hakula. Aliniambia, "Wanatoka nyumbani na maneno yote hayo, wanafika kwa daktari, wanasema nzuri, wanarudi nayo."

Jina la Mama Halafu walimpa wagonjwa, likashika. Watoto wa mtaani kwetu nao walilidaka, wakawa wakimwona tu wanapaza sauti, "Halafuuu!" Naye aliwajibu bila kugeuka, "Halafu nendeni mkaoge!"

Katika kazi alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa watafiti. Sheria moja hakukubali ivunjwe: mgonjwa asiulizwe kuhusu huduma mahali ambapo anayemhudumia anasikia. Alikuwa akisema, "Mgeni huwezi kumuuliza kama chakula ni kitamu wakati mpishi amesimama hapo na mwiko." Mwenzake wa meza ya pili alilazimika kuyafuta majibu ya wiki nzima kwa ajili ya sheria hiyo, na walinuniana mpaka siku ya mshahara.

Mwaka 2003 aliolewa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu. Shemeji husimulia kwamba siku ya kumposa alikuwa amejiandaa kwa sentensi moja, tena ameikariri. Akaisema yote bila kukosea. Dada akamtazama, akasema, "Halafu?" Mwalimu wa watu ikabidi aongee hadi mwenye mgahawa akaanza kupandisha viti juu ya meza. Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa anasomea uhasibu. Nyumba yao ilikuwa ya kelele na kubishana, na mgeni akiingia hakutoka upesi, kwa kuwa mwenye nyumba hakuridhika na jibu la kwanza.

Mwaka 2016 ofisi ilitoa taarifa kubwa aliyoiongoza yeye. Nitaieleza kwa lugha ya fundi. Aligundua kwamba katika vyumba vingi vya daktari, salamu ndiyo iliyokuwa mazungumzo yote. Mgonjwa aliitikia kwa adabu, mhudumu akaichukua adabu ile kuwa ndiyo hali ya mgonjwa, na mambo yakaishia hapo. Akapendekeza wauguzi waongezwe, foleni ipunguzwe, kila mgonjwa apate chumba cha kusemea bila kusikiwa na benchi zima, na baada ya salamu aulizwe tena. Wakubwa walisoma, wakapiga makofi, wakanywa chai. Katika yote hayo walichukua lile la bei nafuu. Walitengeneza bango. Sista anatabasamu, mzee anatabasamu, chini yake wameandika: "Muulize mara ya pili." Likabandikwa kwa gundi ya karatasi juu ya mizani ya kupimia uzito. Wauguzi walibaki wale wale wachache, na foleni ikaendelea kuanzia getini.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mwaka 2018 ofisi yao ilipima watu sukari bure, na dada akajipima ili kuwapa moyo waliokuwa wakisita. Sukari yake ilikuwa juu sana, wakarudia kipimo wakidhani mashine imeharibika. Mwezi uliofuata alikwenda kliniki akiwa mgonjwa, akakaa kwenye benchi lile lile. Alirudi anacheka. Alipitia dukani kwangu, akaweka mkoba juu ya kaunta. "Nimeshindwa, mdogo wangu. Sista kaniuliza hujambo, ulimi ukajibu wenyewe."

Nikamwambia, "Si ungemwambia miguu inakufa ganzi?"

"Nyuma yangu watu wamejaa. Na yeye mwenyewe hata chai hajanywa, namwona."

Nikamwambia hayo ni maneno ya baba. Akaacha kucheka, akachukua mkoba wake.

Ikawa hivyo kila mwezi. Alikaa chini ya bango lake mwenyewe na hakuna aliyemjua. Kona moja ya bango ilikuwa imebanduka, na mara moja aliinuka akaibonyeza irudi ukutani, sista akamwambia, "Mama, tafadhali usiguse vitu." Safari moja nilimsindikiza makusudi, nimeapa kwamba leo nitasema mimi. Tukaingia. "Hujambo, mama?" Nikafungua mdomo. Dada akanifinya paja kwa kucha, akajibu, "Sijambo, sista." Tukapewa dawa. Nje nilimfokea, nikamwambia miaka kumi na minane unawafumbua watu midomo, wako unaushona. Akasema, "Kumuuliza mtu ni kazi, nimeisomea. Kuulizwa sikusomea."

Mwezi wa nane mwaka jana kijiwe kidogo kiliingia ndani ya kiatu chake, akatembea nacho siku nzima bila kukihisi, kwa sababu nyayo zilikuwa zimeshakufa ganzi. Kikatokea kidonda chini ya mguu. Akakisafisha, akakibandika plasta, akavaa viatu vya kufunika. Siku ya kliniki ya mwezi wa tisa alikwenda nacho. Aliyenieleza haya ni yeye mwenyewe, akiwa kitandani, na ninayaandika kama alivyoyasema: "Aliniuliza hujambo, nikasema sijambo. Halafu sikuinuka. Nilikaa kwenye kile kiti nikamtazama. Nilikuwa nampa nafasi. Nilisema moyoni, akiuliza tena tu, navua kiatu. Akaandika, akaniangalia kidogo, nikadhani anauliza. Akaita mwingine."

Ndugu zangu, simtukani sista yule. Dada mwenyewe alinikataza, alisema ana watu mia na mikono miwili. Lakini naona uchungu, na uchungu wangu hauna pa kwenda. Kama ni adabu, basi ni adabu gani hii inayozika watu?

Shemeji ndiye aliyeona doa kwenye shuka. Dada alilazwa mwezi wa kwanza mwaka huu, mguu umeshavimba na kubadilika rangi. Daktari wa wodi, kijana mwenye heshima zake, alituita pembeni akatuambia, "Tatizo la watu wetu ni kuchelewa. Angekuja mapema." Shemeji ni mtu wa hesabu, hapendi kosa lipite. Akamjibu polepole, "Daktari, alikuja kila mwezi." Mguu ukakatwa chini ya goti. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, figo nazo zikaanza kuchoka.

Wodi ile ilikuwa na vitanda sita na dirisha lisilofunga, wakalifunga kwa bendeji. Wiki ya pili baada ya kukatwa mguu alikuja mwenzake wa ofisini, yule wa meza ya pili. Tukadhani amekuja kumjulia hali. Alikuja kwa hilo, lakini alikuja na kazi pia. Ofisi ilikuwa inafanya utafiti mpya kupima kama bango limesaidia, na wagonjwa wa wodi ile walikuwa wameangukia kwenye orodha. Akatoa simu ya ofisi, ile wanayoandikia majibu. Maskini, alitamani swali hilo amuulize mtu mwingine yeyote. "Kuanzia moja mpaka tano, tano ikiwa ni kuridhika kabisa, umeridhika kiasi gani na ulivyosikilizwa katika matibabu yako?"

Sista wa zamu alikuwa amesimama pale pale kitandani, na trei mkononi, anafungua dawa ya dada. Alikuwa amekesha. Dada akamtazama sista, akamtazama mwenzake. "Tano," akasema.

Sikuweza kuvumilia. "Dada! Tano ya nini?"

Dada alisubiri sista aende kitanda cha pili, ndipo akamshika mwenzake mkono wa shati. "Futa hiyo. Umeniuliza mbele ya mpishi."

Yule bwana akabonyeza simu, akabonyeza tena. Macho yakamjaa maji. "Mama Halafu, haifutiki. Wamebadilisha mtindo siku hizi. Ukishajibu tu, imeshatumwa."

Dada aliuachia mkono wa shati. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha pumzi tu, akasema, "Basi bango limesaidia." Jibu lile liko huko lilikotumwa. Siku moja litasomwa ukumbini, watapiga makofi, watakunywa chai, na ndani ya hesabu yao atakuwemo mama mmoja aliyeridhika kabisa na alivyosikilizwa. Mama huyo ndiye huyu tunayemzika.

Mama yetu alikuja siku ya mwisho, Jumatatu jioni. Hana nguvu za ngazi, tulimpandisha wawili, mimi na shemeji. Dada alimwamkia, "Shikamoo, mama," sauti haisikiki. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" "Sijambo, mama." Mama akakaa. Akaweka kitambaa chake magotini, akakikunja, akakikunjua. Tulijua ameishia hapo, maana yeye ndiye aliyetufundisha kwamba ukishajibiwa sijambo, umejibiwa. Kisha akamsogezea uso karibu, akasema, "Halafu?"

Katika maisha yangu sijaona mtu analia vile. Dada akasema, "Halafu naogopa, mama. Mguu ambao haupo unaniuma. Na sitaki kufa." Mama hakumwambia atapona. Alimuuliza tena, na tena, na dada akasema yote, ya mguu, ya binti, ya baba, ya aibu ya kunuka kidonda mbele ya mumewe, hadi wakaja kututoa wageni. Muda wa kuulizwa mguu ulikuwa umepita, na wa kuulizwa figo pia. Naomba mtu yeyote asinifariji kwa habari hiyo. Kuulizwa jioni ile hakukumponya. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 mwezi huu, dada yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na kidogo.

Ameacha mama mzazi, mume, binti mmoja, na mimi mdogo wake. Ameacha mashemeji, mawifi na wapwa wanaomlilia. Ameacha pia benchi zima la watu ambao mwezi ujao watasogea hadi mlangoni, wataulizwa hujambo, na nyuma yao hakuna tena wa kuwauliza halafu.

Tukitoka hapa mtapanga mstari kutushika mikono. Mtatuambia, "Poleni." Nasi tutawajibu, "Tumeshapoa," kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa na hatujui jibu jingine. Mama amelijibu hilo tangu Jumanne kwa kila aliyeingia mlangoni, nami nimemsikia. Hatujapoa. Akiwaambia amepoa, nawaomba msiuachie mkono wake.

Na dada yetu apumzike, mahali ambapo hatalazimika tena kumwambia mtu hajambo.